Jini la Kitufe

Kitufe cha "Tuma" kilikuwa kimepanda juu tena.

Mbunifu wa mwonekano wa programu alikishusha asubuhi, akakishusha baada ya chai, na sasa, mbele ya macho yake, kilikuwa kinakwea skrini kama mjusi ukutani. Mteja alikuwa njiani kuja kuiona programu.

Nyuma yake mtu akasonya. Alikuwa yule waliyemwita Kimya, mwandishi wa programu. Mwaka mzima walikuwa wamekaa mgongo kwa mgongo wakitumiana ujumbe tu, kama majirani walionuniana.

Mbunifu akasukuma kiti nyuma. Gurudumu bovu likalia, viti vikagongana.

"Kaka, kulikoni?"

"Programu hii ina jini, dada," akasema Kimya bila kugeuka. "Kitufe kikikaa chini, kibodi inakifunika. Nakipandisha, anakishusha. Nakipandisha, anakishusha."

"Kikikaa juu, kidole gumba hakikifikii," akasema mbunifu polepole. "Ndiyo maana nakishusha."

Mkono wa Kimya ukaganda juu ya kipanya. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

Akasogeza kikombe chake pembeni, akafuta meza kwa kiganja.

"Basi leta kiti huku, jini."