Kopo la Mama

Nilimnyanyua mama kutoka kwenye benchi la zahanati, nikamkalisha kwenye mzani. Mzigo wa mkono mmoja.

"Kilo thelathini na nane. Kapungua tena," nesi akasema. "Ule unga wa protini niliokupa, unamkorogea kweli?"

"Kila siku, dada. Hata kopo limeisha."

Kopo limeisha kweli. Vijiko vitatu kila asubuhi, nanywa mwenyewe, ndipo naenda kunyanyua vyuma. Mama namkorogea unga wa ngano. Mtu wa kulala kutwa, misuli ya kazi gani? Mimi Jumamosi napanda jukwaani kushindana kutunisha misuli, na kifua hakijengwi kwa maji.

Nesi akageuka kufungua kabati. Nilipoinama kumshusha mama, alikuwa ananitazama mdomoni. Akanyoosha kidole, kimekauka kama njiti ya kiberiti, akapangusa unga uliokuwa umegandia kwenye masharubu yangu. Akakilamba taratibu.

"Kumbe ni wa chokoleti, baba," akaninong'oneza.

Nesi akarudi na kopo jipya.

Nikalipokea kwa mikono miwili.