Ndege ya Paani Kwetu

Zamani jeshi la anga lilikuwa na marubani. Sasa kila nyumba inafuga ndege moja juu ya paa, na jeshi huirusha lenyewe kutoka mbali.

Asubuhi ile ndege yetu ilirudi bila bomu lake. Majirani wakaja na sukari na vigelegele, kama ilivyo desturi.

"Hongera, shoga!" Mama Tunu alinikumbatia. "Mmetulinda."

Nikaitikia, macho chini.

Walipoondoka, mume wangu Makame alipanda kuipangusa. Akashuka na kipande cha kamba ya kuanikia nguo kilichonasa kwenye bawa, gauni dogo la mtoto likiwa bado limebanwa hapo.

"Lifiche," akasema.

Sikuweza. Nikalifua, nikalianika uani.

Jioni nilimkuta binti yetu amelivaa, anajizungusha. Lilimkaa sawasawa.

"Mama, umeninunulia?"

Nikasema ndiyo.