Doti Haivaliwi Nusu

Kila harusi ya mji ule sasa ilidai wimbo mmoja tu, "Mwizi Wangu Namjua," wa kundi la taarab la mabinti watatu. Mwatima, sauti ya kwanza, alishazoea: wimbo ukikaribia kiitikio, wanawake huinuka kwenda kuwatunza, kila mmoja akimtupia jicho la pembeni yule anayemshuku kumwibia mume.

Safari hii aliinuka mama mmoja tu, mnene, mtulivu. Hakumtazama yeyote ukumbini. Alimtazama Mwatima.

Akapanda jukwaani, akavua kanga mabegani, akamfunga nayo kiunoni, taratibu, kwa fundo la kukaza.

Mwatima akainamisha macho. Zile korosho nyekundu zilizochorwa kwenye kanga alizijua. Kipande kingine cha doti ile alikuwa nacho nyumbani, zawadi ya bwana aliyeapa kwamba hana mke.

"Nimekuletea kilichobaki, mwanangu," mama alimnong'oneza. "Doti haivaliwi nusu."

Kisha akaugeukia ukumbi, akapiga kigelegele. Ukumbi mzima ukamwitikia.

Wenzake wawili walikuwa wakimtazama, wakingoja aanze kiitikio. Kinanda kikarudia mapigo yale yale, kikarudia tena. Mwatima akalishika lile fundo kwa mkono mmoja, kipaza sauti kwa mkono wa pili, akafungua kinywa.