Ngumi ya Mzee Wilf

Wote watatu waliomtangulia Jonty walifanya jambo lile lile. Walipotoka kwenye kijito walizima pikipiki, wakamsogelea mzee aliyeketi kwenye kiti cha kukunja, wakainamisha vichwa mpaka karibu na mdomo wake. Kisha wakawasha, wakaenda zao.

Siku hizi anaamkiwa kama askofu, Jonty alijisemea. Lakini hakucheka. Mzee yule alikuwa baba yake, na walikuwa hawajasemeshana kwa miaka kumi na saba.

Waligombana kwenye mawe haya haya. Jonty alikuwa na miaka ishirini na sita, anaongoza mashindano ya bonde zima ya kupita mawe kwa pikipiki bila kukanyaga chini, na kilichobaki kilikuwa kipande hiki cha mwisho. Katikati ya kijito pikipiki ilisimama, kufumba na kufumbua tu, ikaendelea. Baba yake, Mzee Wilf Iveson, msimamizi wa kipande, akainua vidole vitano. Tano ni za aliyeanguka au aliyesimama, na mwenye alama nyingi ndiye anayeshindwa. Ubingwa ukaenda kwa mtu wa kijiji cha Reeth. Jonty alivua helmeti akaitupa miguuni pa mzee, watu wote wanaona, akamwambia yeye si baba, ni kigingi cha mpaka. Wiki ile ile aliuza pikipiki akahamia mji wa Hull.

Sasa ana miaka arobaini na mitatu, na magoti yanalia akipanda ngazi. Amenunua pikipiki kuukuu, amefanya mazoezi peke yake tangu majira ya kupukutika majani, ametuma jina. Orodha ya washindani ilibandikwa getini tangu juzi, kwa hiyo mzee amelisoma. Ushindi haukuwa na maana kwake tena. Alichokuja kutafuta ni neno moja kutoka kwa baba yake, na kama neno halipo, basi hata ishara.

"Mjomba," jamaa wa koti jekundu alimwita kutoka nyuma, "makumbusho wanajua umeitoa hiyo pikipiki?"

"Wanajua. Wameniambia nikiirudisha nije na punda mmoja, nikakukumbuka wewe."

Jamaa akacheka, akamkumbusha kwamba zimebaki dakika kumi na moja njia ifungwe.

Jonty aliyatazama mawe mara ya mwisho. Akamtazama na mzee. Alikuwa amepungua ndani ya koti lake, mkono wa kulia mfukoni, na jirani yake Norah ndiye aliyeshika karatasi ya alama. Hilo nalo lilikuwa geni. Zamani Mzee Wilf hakumwachia mtu penseli yake.

Akaingia.

Jiwe la kwanza lilikuwa na utelezi wa mwani, gurudumu likateleza, akaliacha liteleze akalidaka kwa mwili. La pili alilipanda vizuri. Katikati ya vibendera vya njia palikuwa na lile jiwe bapa, lile lile lililomsimamisha, na pikipiki ikaanza kusita kama safari ile. Usisimame. Akafungua mafuta. Mbele ikainuka, nyuma ikazama, na mguu wake wa kushoto ukashuka wenyewe. Ncha ya buti iligusa changarawe. Iligusa kidogo sana, lakini aliisikia mpaka kwenye paja. Akaurudisha, akapanda ukingo, akatoka.

Moja, basi. Kwa baba yake mguu ni mguu, hata ukigusa kwa ukucha.

Hapo kwenye kijito maji na injini havimruhusu mtu kusikia, ndiyo maana tangu zamani alama hutolewa kwa mkono. Aliyegusa mara moja huonyeshwa kidole kimoja, aliyegusa mara mbili, viwili. Ambaye hakugusa hana cha kuhesabiwa, basi msimamizi hukunja ngumi na kuiinua. Wapo walioendesha miaka kumi bila kuipata ngumi ya Mzee Wilf.

Jonty aligeuza shingo. Mzee alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Ameutoa mkono mfukoni, ameuinua juu kabisa, unatetemeka.

Ngumi.

Jonty alijua amegusa. Mzee naye alikuwa hatua tano tu kutoka pale, haiwezekani hakuona. Mtu ambaye hakuwahi kumzawadia mtu alama hata moja maisha yake yote, leo amemzawadia yeye.

Alitaka kusimama, lakini koti jekundu lilikuwa limeshaingia majini, na angesimama angelia mbele ya watu. Akakunja ngumi yake mwenyewe, akaiinua juu kumjibu baba, akapanda kilima bila kuangalia nyuma.

Kwenye banda la kumalizia walimpa chai na pai ya nyama. Alikuwa hajamaliza kula Norah alipoingia na karatasi, buti zimejaa tope.

"Umepata moja," Norah alimwambia, hata salamu hakutoa.

Jonty akatabasamu, akamwambia ameandika vibaya, ngumi ameiona kwa macho yake.

Norah aliiweka karatasi mezani. "Kumbe hawakukwambia. Alipata kiharusi Februari. Vidole vya mkono ule vimejikunja, havikunjuki tena, alama anazitaja kwa mdomo."

"Sasa aliuinua wa nini?"

"Alikuwa anakuita, Jonty. Nimemrudisha nyumbani sasa hivi, na njia nzima ananiuliza kwa nini umemwonyesha ngumi."