Mkate Ulioumwa Mara Moja

Treni ya kumpeleka Oydin chuoni, nchi ya mbali, ilikuwa bado saa mbili. Aliona azimalizie katika madrasa ya kale yenye vigae vya buluu, ambayo tangu utotoni aliipita tu bila kuingia. Katika chumba kimoja cha wanafunzi, chembamba kama kabati, aliona mkate mkavu wa duara umetundikwa kwenye msumari. Ulikuwa umeumwa mara moja tu.

"Panya wa hapa wana adabu," alisema.

Bibi Hosiyat, mfagiaji wa madrasa, aliangua kicheko. "Si panya, mjukuu wangu. Hayo ni meno ya kaka yangu. Alisoma humu. Siku ya safari aliuma kidogo, mama akautundika, ili riziki yake imrudishe aje aumalize."

"Akarudi?"

"Bado. Mama alipofariki, zamu ikawa yangu. Kila Ijumaa naupangusa vumbi."

Oydin alitaka kuuliza ni miaka mingapi, lakini akamkumbuka mama yake. Asubuhi ile alikuwa amemshikia mkate wa moto mlangoni. "Uma kidogo tu, mwanangu." Naye Oydin akausukuma. "Mama, na mambo yako ya kizamani! Nitakula njiani."

Alitoka mbio, begi likimgonga mgongoni.

Mlango wa kwao ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa ameketi, mkate mzima mapajani. Ukutani, juu ya kichwa chake, msumari mpya ulikuwa umekwisha kupigiliwa.