Miaka Sita Gerezani

Zaituni alifika hotelini saa nne asubuhi, akaacha begi lake mapokezi na kuuliza njia ya kwenda gereza la zamani.

"Ni karibu, mama," mhudumu alimwambia. "Ukishapita msikiti mkongwe utaliona. Siku hizi ni makumbusho."

Alikwenda kwa miguu, akipita vichochoro vya mawe bila hata kutazama milango ya nakshi ambayo wageni wengine walisimama kuipiga picha. Marehemu baba yake alikuwa akisema, "Nilikaa miaka sita katika gereza lile la wakoloni," kisha akibadili mazungumzo. Watoto wake walikua wakijivunia miaka hiyo.

Msichana aliyewatembeza wageni, Mwanasha, alimwingiza katika chumba cha picha. Ukuta mmoja ulikuwa wa wafungwa. Zaituni aliwapitia mmoja mmoja, akarudia tena. Baba hakuwamo.

Akageuka. Baba alikuwa kwenye ukuta wa pili, bado kijana, amevaa sare ya askari jela, kiboko mkononi.

"Huyo ndiye waliyemwogopa kuliko wote," Mwanasha alisema. "Babu yangu hakutoka humu akiwa hai. Na wewe, mama, una ndugu yako hapa?"

"Baba yangu," alijibu.

Uso wa msichana ukalainika. Akamshika mkono. "Pole sana, mama. Nionyeshe, ni yupi?"

Zaituni aliinua kidole, nacho kikabaki hewani, katikati ya kuta mbili.