Swali la Nungunungu Mdogo

Kobe alipofiwa na mkewe, alikwenda kwenye makao ya watoto ya kanisa la Mama Kanga, kuomba mtoto wa kulea. Pale, baada ya kumwomba Yesu, mtoto ndiye humhoji mlezi. Swala, aliyekuja pia kuomba mtoto, alikwisha kujisifia mbio zake. Nungunungu mdogo, aliyekimbiwa na walezi wawili kwa sababu ya miiba yake, akamgeukia Kobe.

“Babu, unajua kukimbia?”

Kobe akainamisha kichwa. “Sijui, mwanangu. Hata marehemu mke wangu alinicheka.”

“Hata nikikuchoma?”

“Hata ukinichoma.”

Swala akaangua kicheko. Nungunungu akailaza miiba yake yote, akamsogelea Kobe.

“Basi twende nyumbani, Baba. Usiharakishe.”